Nakala ya Tatu

Asmahani alikuwa mtu wa kutembea, na mfuko wake ulikuwa mwembamba kuliko hamu yake. Likizo hii alitoka Pongwe, akapata lifti ya lori la nazi mpaka Mwera, chakula chake mihogo ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi. Jua likielekea kuzama, alibaki na haja moja tu: pa kulala, kwa bei ya kuchekesha.

Akaikuta gesti ya vyumba vinne yenye bango: MWENYEJI WA WILAYA NUSU BEI.

Mapokezini alikaa mzee Abdulghani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kitambulisho."

Sasa, Asmahani hakuwa mwenyeji. Mwenyeji alikuwa mdogo wake Samiha, aliyefundisha huku kabla ya kurudi Pongwe kujifungua. Arobaini yake ilikuwa haijaisha, hatoki hata mlangoni. Kitambulisho chake cha nini kulala kabatini? Asmahani alikuwa amekibeba, akakitoa. Nao walifanana kama waliogawana pua moja.

Mzee akaandika daftarini: Samiha. Kabila. Kazi. Utokako. Uendako. Serikali haipati usingizi mpaka ijue kabila la anayelala.

Safu ya mwisho ilisomeka: KAITIKA. Majina machache yalikuwa na alama ya vema. Mengi hayakuwa nayo.

"Hapa nijaze nini, babu?"

"Hapo hapajazwi na mgeni." Akachomoa karatasi ya kaboni. "Nakala tatu. Moja ya ofisi ya kijiji. Moja ya polisi."

"Na ya tatu?"

"Huja kuchukuliwa. Magharibi." Alisema kama anayemtaja mkusanya ushuru. "Utaitwa jina mara tatu, mwanangu. Usiitike. Linaloitwa ni hilo lililoandikwa."

Asmahani alikaribia kucheka. Lililoandikwa si lake! Kumbe ubahili nao ni hirizi.

Chumbani akajilaza juu ya godoro la sufi, akasikiliza adhana mpaka mwisho. Vyura wakanyamaza, wote kwa pamoja. Ikaja harufu ya udi, na chini ya udi, udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Samiha..."

Dirishani. Sauti ya mwanamke, ya taratibu. Na aliijua.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akauma kanga.

"Samiha..."

Mara ya pili. Akasubiri ya tatu imalizane naye. Badala yake ikalia simu.

"Dada," alinong'ona Samiha, mtoto akilia kwa nyuma. "Mbona unaniita dirishani halafu huingii? Umerudi saa ngapi?"

Asmahani akaketi ghafla.

"Umeitika?"

"Ningeitikaje, nilikuwa nambembeleza mtoto. Ngoja nikufungulie."

"Usifungue! Usiitike, Samiha! Mimi niko Mwera."

"Hebu toka hapa! Mwaka jana ulisema uko Maramba, kumbe umejibanza jikoni unanicheka. Kivuli chako hicho nakiona."

Kweli, alifanya hivyo. Na sasa nani angemwamini?

Pazia likanywea ndani, kama mtu anavuta pumzi. Simuni akamsikia Samiha naye akivuta yake, ya kuitika.

"Sami..."

Dirishani na simuni, kwa pamoja. Asmahani hakungoja limalizike.

"ABEE!"

Aliitika kwa mapafu yake yote, kwa jina lisilo lake.

Pazia likarudi mahali pake.

Kisha chura mmoja. Kisha wengine.

"Dada?" Samiha sasa alikuwa analia. "Kivuli kimeondoka."

Mapokezini alimkuta mzee akipuliza wino. Alama ya vema, mbichi, mbele ya jina la Samiha. Asmahani akamweleza yote. Mzee akavua miwani, akatazama kitambulisho, akatazama uso.

"Kuandikisha jina la mwingine ni kosa kisheria."

"Babu! Kimechukua nini?"

"Daftari linauliza kama mtu kaitika," alisema polepole. "Haliulizi nani."

Akalifunga. Nakala ya tatu haikuwepo.

Samiha mzima, mtoto mzima. Hata Asmahani, ukimwuliza, atakwambia mzima. Ila siku hizi pale Pongwe ukiita Samiha, wanaitika wawili.

Ukiita Asmahani, haitiki mtu.