Bolti Iliyokataa Kukatika

Kila asubuhi Mama Trekta alivaa buti zake akaenda kufyeka mashamba ya watu kwa trekta. Mumewe, fundi wa kuchomelea, alibaki karakana. Majirani walimtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Alicheka tu, maana alimpenda mkewe kupita kiasi.

"Mashine ya kufyeka itanizeesha," mkewe alilalamika jioni moja. "Leo bolti ya shafti imekatika mara tatu."

"Mke wa fundi asumbuliwe na bolti? Niachie mimi."

Akachukua bolti ngumu ya lori, akaipachika kwenye shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya trekta kwenye visu, kisha akaichomelea kabisa.

Kesho yake mchana alimpelekea mkewe chakula. Akiwa bado mbali, akasikia kishindo. Alitupa chakula, akakimbia. Visu vilikuwa vimegonga kisiki kilichofichwa na nyasi. Giaboksi ilikuwa imepasuka. Shafti ilikuwa imevunjika, ikachapa madigadi ya trekta na kuichana. Shibiri moja kutoka hapo aliketi mkewe, ameshika usukani, macho yamemtoka. Hakuumia.

"Ni mimi niliyeichomelea ile bolti," fundi alisema, akimshusha. "Ningekuua kwa mkono wangu."

Jirani yao, mama mwenye duka la spea, alikuja kutazama. Alipoishika ile bolti, ilikuwa nzima.

"Shemeji, nani alikwambia hii inatakiwa idumu?"

"Kitu kizuri si ndicho kinachodumu?"

"Hiki sicho. Bolti hii huwekwa dhaifu makusudi. Visu vikigonga kisiki, inakatika yenyewe na shafti inapona. Ukiweka ngumu, ile nguvu itavunja kitu kingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Lakini mara tatu kwa siku, dada?"

"Hapo kuna sababu." Akamgeukia Mama Trekta. "Shoga, shamba unalikagua kwanza?"

"Sikagui. Huwa nina haraka."

"Na shafti unaianzisha injini ikiwa na kasi?"

"Ndiyo, ili niwahi," Mama Trekta alikiri.

"Basi kagua, weka alama penye visiki na mawe. Anzisha shafti injini ikiwa na mwendo mdogo. Tumia bolti ya kipimo na ugumu ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine. Na kabla ya kuibadilisha, zima injini, toa ufunguo, subiri visu visimame kabisa."

Matengenezo yalichukua mwezi mzima. Siku ya kurudi kazini, fundi alifunga karakana, akaenda kusimama kando ya shamba. Saa nne visu vikanyamaza ghafla. Alikimbia.

Mkewe alikuwa ameshazima injini na kushuka, ufunguo mfukoni.

"Ni jiwe," alisema. "Lilikuwa limezama kwenye udongo, sikuliona. Bolti imekatika."

"Na shafti?"

"Nzima."

"Na wewe?"

"Si unaniona?"

Fundi aliketi kwenye nyasi, akalia. Mkewe alimsubiri amalize, kisha akamwomba spana.