Kwa Wifi Niliingia na Viatu

Nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani hapa Tanga, na hadi mwaka jana nilikuwa mke wa mtu. Jina langu halisi nabaki nalo mwenyewe, niiteni Zuhura. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikijaribu, nilikuwa naishia kuiweka kalamu chini... Si machozi, machozi yaliisha upesi. Ni kinyaa! Wasomaji wenzangu, mmewahi kumwona binadamu mkatamani kunawa?

Mume wangu, nitamwita Omari, alikuwa Dubai akisimamia walinzi kwenye jengo moja la ofisi. Mimi nilibaki huku na mama yake, aliyekuwa amepigwa na kiharusi upande mmoja. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Sikuona taabu. Aliniita "mwanangu" na mimi nilimpenda, wallahi nilimpenda.

Kisha maneno yakaanza kuletwa. Mtu karudi kutoka Dubai anasema kamwona Omari mitaa ya Satwa na mwanamke, wanacheka, mwanamke kamshika bega. Nilimwendea mama mkwe nikamweleza. Akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki mzima. Akaniambia huyo ni Nasra, mtoto wa ukoo wa Kiunguja uliohamia Dubai zamani. Mamake alikuja kujifungulia Tanga, akaugua, na yeye mama mkwe ndiye aliyemnyonyesha yule mtoto pamoja na Omari.

"Ni dada yake wa ziwa moja," aliniambia. "Ni maharimu wake. Utamwonea wivu dada mtu, mwanangu?"

Nani angebisha? Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa ziwa. Walionyonya pamoja hawaoani mpaka kiama. Wanaweza kukaa chumba kimoja mlango umefungwa, na mwanamke hajifuniki mbele ya kaka yake huyo. Nikaona aibu kwa dhana yangu mbaya. Tena nikaanza kumtumia Nasra salamu, na kumwita wifi!

Mwaka jana Omari akanitumia viza ya matembezi. Mama mkwe tukamwachia binti yake wa Muheza, nami nikaondoka na mizigo ya mapenzi: kikoi nilichokipinda kwa mkono, vileja, na kopo la udi. Udi wangu nimerithi kwa bibi. Nauchanganya mwenyewe kwa sukari na mawardi, halafu natia maganda makavu ya machungwa ya Muheza niliyoyatwanga. Hakuna duka linalouza udi ule, na hakuna pua itakayoukosea.

Omari alikuwa amepanga chumba Deira, ndani ya nyumba ya watu wengi. Jioni ya kwanza nikatoa chetezo changu nifukize. Omari akaruka! Akanionyesha kidude cheupe kilichobandikwa darini. Moshi ukifika pale, alisema, kengele italia jengo zima na arbab mwenye nyumba atatutoa na mabegi yetu. "Khalas, udi sahau." Basi kopo lote nikampa Nasra. Yeye alikuwa ameachika, anaishi peke yake Satwa, nyumba ya zamani ya chini isiyo na kengele. Nilimwambia afukize, anikumbuke. Alinikumbatia na kunibusu mashavu yote mawili. Nikikumbuka lile busu nasugua uso mpaka leo.

Mwanamke mwenyewe ni mzuri, siwezi kusema uongo. Mnene wa wastani, sauti laini, hina haimtoki mguuni. Mbele ya Omari alivua mtandio kama mtu aliye kwao, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa wifi asiye na makuu.

Ni yeye aliyeleta habari za flamenko, ngoma ya Wahispania. Alijua napenda ngoma, maana harusini huku Tanga chakacha isipokuwa na mimi haijaanza. Akaniambia kuna mwalimu wa Kihispania anafundisha wanaoanza, wanawake peke yao, kule kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers. "Wenzio wakija Dubai warudi na picha za majumba, yakhe. Wewe rudi na kitu mwilini." Akanilipia ada yote na kuninunulia viatu vyenyewe, vyeusi, vina visigino vya mbao na misumari imeshonana chini. Omari akafurahi kupita kiasi. Mume gani wa kwetu anafurahia mkewe kwenda kucheza? Na mbona darasa lilikuwa mbali vile, metro kutoka Deira mpaka unasinzia, wakati watalii wana mambo chungu nzima karibu? Sikujiuliza. Nilikuwa natembezwa, nimependwa!

Darasani nilisimama karibu na Achieng, Mkenya aliyekuwa akiuza kahawa kwenye mkahawa wa chini ya jengo lile lile. Ndiye aliyenitafsiria Kiingereza cha mwalimu. Siku ya kwanza nilipoanza kuzungusha kiuno, mwalimu alishika kichwa.

"Anasema stop, dada! Hii si chakacha," Achieng alicheka. "Kiuno wachana nacho, ni miguu tu."

Miguu ikanishinda. Wenzangu walikanyaga sakafu mpaka vioo vikatikisika, mimi nagusagusa kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mwalimu alikuja akainama, akanipiga kofi la mzaha kwenye goti. Achieng akanieleza kuwa natakiwa nikanyage kama sakafu imenikosea. Nikamjibu kuwa sina aliyenikosea. Tulicheka sote! Mjinga mimi, nilicheka kuliko wote.

Siku za darasa Omari alikuwa akirudi baada ya magharibi, anasema kazi imezidi. Jioni moja alivua nguo akaenda kuoga, nami nikaziokota nizifue. Shati lilinuka jasho na moshi wa magari tu. Lakini fulana yake ya ndani... Niliileta puani mara ya pili. Machungwa ya Muheza!

Nilimuuliza kwa upole wapi kapata harufu nzuri. Akajibu bila kugeuka kuwa Dubai kila duka lafukiza udi, kapitia dukani. Nikaikunja ile fulana. Angesema kapita kumjulia hali dada yake, ningemwamini na ningemtilia chai. Kilichonichoma ni kwamba alidanganya pasipokuwa na haja ya kudanganya. Na udi wa dukani huingiaje kwenye fulana ukaliruka shati? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nimekishika mkononi, bado kina joto.

Sikupata usingizi. Nilijipa kila sababu... Labda kajilaza kwa dada yake kapumzika. Labda joto. Ziwa ni ziwa, nilijiambia, mama hawezi kusema uongo juu ya ziwa lake!

Darasa lililofuata nilikwenda. Nilivaa viatu, mwalimu akaanza kupiga makofi, nami nikasimama katikati ya chumba kama gogo. Achieng akanivuta pembeni akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja. Hakunionea huruma hata kidogo, namshukuru.

"Sasa unangoja nini, dada? Mpaka wakuletee invitation? Yalla, toka! Teacher nitamwambia tumbo imekusumbua."

Nilitoka vile vile, buibui juu, viatu vya misumari chini. Teksi ikaniteremsha Satwa nyuma ya maduka ya mafundi nguo. Kwa Nasra nilikuwa najua. Mbele ya mlango palikuwa na ndara zake, na ubavuni pake buti nyeusi za kazi, zimepangwa vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Buti zile nilikuwa nimezipiga rangi mwenyewe asubuhi.

Nikabisha. Nasra akafungua upenyo, kajifunga kanga kifuani, kikuba cha asumini kinaning'inia kwenye nywele. Udi wangu ukatoka mlangoni ukanipiga usoni. Wanawake wenzangu wa pwani, nani asiyejua kikuba kinavaliwa kwa ajili ya nini? Huvaliwa mume, hakivaliwi kaka!

Kwetu hata anayekuja kutukana huvua viatu kwanza. Mimi sikuvua. Nilimsukuma nikaingia na misumari yangu, nikapita juu ya mkeka wa kuswalia uliokuwa haujakunjwa, Mungu anisamehe, nikaenda moja kwa moja chumbani.

Omari alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kifua wazi, kavaa kikoi changu. Kikoi nilichokipinda kwa mkono! Anakula vileja vyangu, makombo yamemjaa ndevuni. Chetezo kinafuka kando ya mto. Kila kitu cha mapenzi nilichobeba kutoka Tanga nilikikuta pale, kinatumika.

"Aa, mke wangu," alisema, mdomo umejaa. "Nimepita kumjulia hali dada."

Dada! Kama ni dada yake kweli, basi nilikuwa mbele ya uchafu ambao hata kuutaja ni dhambi. Kama si dada yake, basi walilichukua ziwa la mama, kitu cha heshima, wakalifanya pazia la kitandani. Lipi lilikuwa na nafuu? Nilipomuuliza, alitazama chini, na midomo ikaendelea kutafuna. Hata kumeza alishindwa kunifanyia heshima.

Nasra ndiye aliyejibu. "We Zuhura, n'sikilize kwanza. Mie sijanyonya kwao. Tulipendana toka udogo, baba yangu hakutaka. Basi usipige kelele mwenzangu, majirani wananiheshimu."

Majirani wanamheshimu! Hapo mguu wangu ukaondoka wenyewe. Nikakanyaga. Nikakanyaga tena, kisigino na kidole, kisigino na kidole, juu ya vigae vya wifi yangu, mikono nimeshika kiuno, macho nimemtolea mume wangu. Kile nilichoshindwa darasani kilikuja chote kwa pamoja! Nyumba ililia. Dirisha la jirani likafunguliwa, mwanamke akauliza kwa Kiarabu kuna nini, na la pili likafunguka. Nasra alikaa chini akaficha uso. Sikumgusa hata kwa ukucha, na Omari sikumgusa. Ningewagusa kwa mkono gani, kisha nile kwa mkono huo huo?

Nilichukua kopo langu nikatoka. Uchochoroni nikatapika. Kisha nikalitumbukiza kopo kwenye pipa la taka, udi wa bibi yangu, maana sikuweza kuunusa.

Mnadhani yaliishia hapo? Hapana... Usiku huo sikurudi Deira, Achieng alinipa kitanda chake yeye akalala chini. Kulipokucha nikampigia simu mama mkwe. Nilitaka kumlilia. Nilitaka anishike, hata kwa sauti tu. Nikamweleza nilichokiona, naye akashusha pumzi.

"Sikumnyonyesha," alisema. "Omari aliniomba niseme vile, usije ukafanya fujo. Ni mwanangu, ningefanyaje? Nawe rudi tu nyumbani, mwanangu, mambo haya husitiriwa."

Mwanangu! Alikuwa analila neno hilo pamoja na uji wangu, siku zote zile, huku anajua ninakolala peke yangu na mwanawe anakolala na nani.

Nilirudi Tanga. Nilimkuta kitandani, hajaogeshwa vizuri, shuka inanuka. Binti yake wa Muheza alikuwa jikoni na simu yake. Ningeweza kufunga mizigo yangu nikapita. Lakini mikono ilikuwa imezoea, au labda nilitaka aone. Nikachemsha maji, nikamvua nguo, nikamwogesha kama kawaida bila kusema neno. Nikalifuta lile ziwa lake lililolegea, lile lile alilolisingizia. Alianza kulia. Mimi nililikausha mpaka chini yake, nikampaka poda, nikamvisha kanga safi. Kisha nikaenda kunawa, nikanawa mpaka viwiko, nikatoka na mabegi yangu.

Talaka Omari aliitoa bila ubishi mbele ya kaka zangu, kwa simu. Nasikia wameoana, na nasikia Nasra sasa analeta malalamiko kuwa Omari anachelewa kurudi. Sikucheka. Nilihisi kinyaa tu.

Wanawake wenzangu, nawasihi. Mtu akikuambia fulani ni ndugu wa ziwa wa mumeo, usikae kimya kwa kuogopa kuonekana mwenye roho mbaya. Uliza nani alinyonyesha, nani alishuhudia, na uliza upande wa pili pia, maana mtoto hanyonyeshwi ikajua familia moja tu. Mimi ningempigia mama yake Nasra siku ya kwanza, ningejua ukweli kabla chai haijapoa. Niliona haya... Haya ile imenigharimu ndoa na mama.

Na ukimwona mtu ana hamu sana ya kukupeleka mbali ukafurahi, kabla hujavaa viatu, muulize yeye atakuwa wapi.