Chupa ya Saba

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimsindikiza shangazi yake kazini. Jina hilo alibandikwa na babu yake kwa sababu hakujua kunyamaza. Shangazi alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo. Alichanganya maji na unga mweusi wa kaboni, laini mno hata jicho haliwezi kuona chembe yake moja, kisha akapima umeme unavyopita ndani yake. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa macho, tarakimu ndogo za kipimo zilimshinda. Basi Chiriku alimsomea na kumwandikia daftarini.

"Ripoti ya kwanza ilirudishwa," Shangazi alisema siku hiyo. "Na hii ikirudishwa Jumatatu, mkuu wa idara ataufunga utafiti wetu."

Chupa zilikuwa saba, kila moja ikiwa na unga mwingi kuliko iliyotangulia. Chiriku alitikisa, akachovya kipimo, akasubiri, akaandika. Namba zilipanda vizuri mpaka chupa ya sita, iliyosoma 68. Ya saba ikasoma 61.

Chiriku aliitazama tena ile 61. Alikuwa akiimba alipoitikisa. Huenda hakuitikisa sawasawa. Aliona haya kusema. Akaandika 74.

"Zimepanda zote?" Shangazi aliuliza.

"Zote, Shangazi."

"Wewe ndiye macho yangu, mwanangu," alisema, akampapasa shavu.

Walikaa kunywa chai. Chiriku hakutia neno, na mkate wake ulibaki mzima.

"Chiriku kanyamaza? Basi leo tuna mgonjwa," Shangazi alitania.

Machozi yakamlengalenga. "Shangazi, namba ya chupa ya saba nimeitunga. Ilishuka, nikaogopa utasema nimefanya uzembe."

Shangazi aliweka kikombe chini. Akasema kwa upole, "Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umerudi mapema. Lete hiyo chupa."

Waliitikisa pamoja, wakaipima mara tatu. Chiriku alisoma kwa sauti: 61, 60, 61.

"Kumbe hukukosea," Shangazi alisema, uso ukimchangamka. "Unga ukizidi, chembe zinashikana mabonge, umeme unakosa njia. Mkuu alirudisha ripoti kwa swali hilohilo: tukome wapi kuongeza unga? Jibu unalo wewe, na nusura ulifiche."

Chiriku alichukua kifutio.

"Usifute. Pigia 74 mstari, uandike 61 kando yake. Atakayesoma aone tulipoteleza na tulivyorekebisha."

Chiriku aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Shangazi alimvuta karibu, akamkumbatia.

"Nimeazima macho yako yanionyeshe kilichopo, si ninachotamani kukiona," alimwambia. "Siku ukikosea, niambie, tutapima upya. Lakini ukinidanganya, mwanangu, nitapima nini?"