Filamu Zisizofika Jumanne

Ukumbi wa sinema ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi za pembeni. Ilikuwa Jumamosi alasiri, watu wametoka kazini wamekuja kulia kwa raha zao. Kwenye pazia kubwa, malkia wa zama za kale alikuwa akiagana na mwanajeshi wake. Upepo unavuma, farasi ametulia, fidla inaomboleza. Malkia akageuka, akampa mpenzi wake mgongo, na ukumbi mzima ukavuta kamasi.

"Zipu!"

Sauti ilitoka safu za katikati, kali, haina aibu.

"Jamani, malkia ana zipu mgongoni! Enzi za mapanga na mishumaa! Kainunua duka gani?"

Nusu ya ukumbi wakamzomea, nusu wakacheka. Mwenye sauti alikuwa dada mmoja aliyevaa blauzi ya manjano aliyojishonea mwenyewe, kola imesimama, kiuno kimekaa mahali pake, na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni kwa sababu alitoka kwenye cherehani mbio akaisahau. Alikuwa fundi nguo, na fundi nguo ukimwonyesha zipu mahali isipopaswa kuwa, umemkosea adabu.

Mwanaume aliyekaa mbele yake akageuka. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi mkono mmoja tu.

"Dada, tafadhali. Watu wanalia."

"Si walie? Nimemziba nani macho? Wewe niambie tu, umeiona au hukuiona?"

Yule bwana akasita. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulikuwa umeshamponza mara nyingi.

"Nimeiona," akasema. "Na mimi tangu mwanzo najiuliza, ile taa ya umeme kwenye ngazi za ngome kaiweka nani."

"Eeeh! Kumbe nina mwenzangu!"

Waliangua kicheko cha pamoja, na kicheko hicho ndicho kilichomleta mlinzi na tochi yake. Wakatolewa nje wote wawili, bwana na mfuko wake wa bisi, dada na tepu yake shingoni.

"Umenitolesha nje sina kosa," yule bwana akalalamika wakiwa wamesimama kwenye mwanga wa barabarani, magari yakipiga honi.

"Kosa unalo. Umeona taa, ukanyamaza. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti."

"Ahaa, ndiyo maana. Pasi ilipanda mkono huu, ikakwama kabla ya kufika wa pili."

Yule bwana alicheka mpaka bisi zikamwagika. Tangu siku hiyo yeye akamwita Zipu, na Zipu akamwita Fundi. Na sisi tuwaite hivyo hivyo, maana hata mama zao walikuja kuyazoea majina hayo.

Ukumbi ule hawakurudi, uso umeumbwa na haya. Badala yake wakaweka desturi yao. Kila Jumapili jioni, kila mmoja kwake, walichagua filamu moja, wakapigiana simu, wakahesabu mpaka tatu na kuiwasha kwa pamoja. Halafu wakaichambua bila huruma. Ikiisha wanaipa maksi, na atakayelia ndiye atakayenunua bisi wakikutana katikati ya wiki.

"Haya, ona," Fundi angeanza. "Wamegombana, wameingia kwenye lifti. Sasa subiri. Itakwama."

"Imekwama!"

"Nilikwambia! Na sasa anapanda juu apasue paa. Zipu, paa la lifti halipasuliwi kwa ngumi! Na kitufe cha kengele kile pale, kikubwa kama sahani. Mbona hawabonyezi?"

"Wakibonyeza watapendana saa ngapi, mpenzi?"

Lile neno "mpenzi" lilimtoka kwa utani, na Fundi akalipokea kwa utani, lakini dakika kumi zilizofuata za filamu hakuziona.

Zipu naye alikuwa na kesi zake. "Msichana kavua miwani, ghafla mrembo! Kwani miwani ilikuwa imemficha pua? Na huyu kijana, kadanganya tangu filamu inaanza, leo kakimbia uwanja wa ndege bila tiketi, kalia kidogo, kasamehewa. Mimi ningemwita askari. Na ya zama za kale ndiyo balaa. Wanatazamana, wanahema, wanaandikiana. Saa mbili nzima! Si umwambie tu mtu unampenda, mkale?"

"Maksi?"

"Mbili. Moja ya farasi."

Jioni moja alisema jambo ambalo Fundi hakulisahau.

"Unajua kinachoniudhi zaidi? Zinapoishia. Wakishakumbatiana tu, majina yanapanda, twende nyumbani. Hakuna hata moja inayofika Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Yoyote, baada ya harusi. Sufuria imeungua, mmoja ana mafua, umeme hakuna, na mtu bado anakuuliza, umekula? Hayo ndiyo mapenzi. Hayo hawatuonyeshi."

Siku chache baadaye Fundi alijua kabisa kwamba anataka kumuoa mwanamke huyu.

Sasa tatizo likaanza, na ni tatizo la kujitakia. Watu wengine wakitaka kuposa hununua maua. Fundi maua walishayacheka. Kupiga goti walishalicheka. Pete kwenye keki walishaipa maksi sifuri, kwa sababu mtu anaweza kupaliwa. Basi kwa wiki nzima Fundi alijifungia na mashine za lifti juu ya paa la jengo analolihudumia, akijaribu maneno kwa sauti, na mota pekee ndiyo iliyomsikia.

Zipu naye alikuwa na lake. Aliwahi kupendwa na bwana wa maneno matamu, wa mishumaa na mashairi, na bwana yule akaondoka bila hata kuaga. Tangu hapo maneno matamu humwasha kama upupu, na dawa yake ni kucheka kabla hayajamgusa.

Jumapili ikafika. Filamu ilikuwa ya mapenzi ya mjini, mbaya kupita kiasi, kijana kasimama kwenye mvua chini ya dirisha anapiga kelele. Zipu alikuwa kitandani, simu ameiweka wazi juu ya mto, dada yake mkubwa akipiga pasi pembeni. Filamu ilipokwisha, Fundi akakohoa.

"Zipu, mimi nataka Jumanne zako. Zote. Zenye mafua na zenye sufuria iliyoungua. Nataka niwe mtu wa kukuuliza umekula."

Zipu akapiga kofi kwa furaha. "Aisee, unaigiza! Ngoja... nne kwa kumi! Sauti umeitetemesha vizuri, ila mvua iko wapi?"

Zipu akangoja kicheko cha Fundi.

"Fundi? Upo?"

"Nipo," akasema. "Sawa. Nne si mbaya. Lala salama, Zipu."

Simu ikakatika. Dada mtu akaiweka pasi chini polepole.

"Mdogo wangu, hivi una akili timamu? Yule mwanaume alikuwa anakuposa."

"Alikuwa anamwiga yule wa filamu, dada!"

"Filamu ilikuwa imekwisha. Tazama."

Zipu akatazama. Kwenye runinga majina yalikuwa yanapanda, ya wapiga picha, ya wapika chai, na muziki ulikuwa unaelekea kufa. Hapakuwa na mtu wa kuigwa. Akashika mdomo wake kwa mikono miwili, lakini mdomo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Alimpigia palepale. Haikupokewa. Kesho yake ikapokewa: "Niko kazini, Zipu. Tutaongea." Hawakuongea. Jumapili iliyofuata simu haikulia, na Zipu aliiwasha filamu peke yake, akahesabu mpaka tatu peke yake, akaizima kabla hata ya kuona jina lake. Alikuwa anampoteza mtu ambaye hakumwambia uongo hata siku moja, na alimpoteza kwa kicheko.

"Mpelekee maua," dada yake akashauri.

"Tuliyacheka."

"Mwandikie."

"Tulicheka wanaoandikiana."

"Nenda ukapige kelele chini ya dirisha lake."

"Dada! Kila njia ya kuomba msamaha nimeshaicheka. Nimebakiwa na nini?"

"Umebakiwa na mdomo uleule, mama. Kamwambie."

Alikwenda Ijumaa. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko, lile ambalo Fundi alisema linamfanya aonekane mtu mwenye mipango. Njiani mvua ikaanza kunyesha, na Zipu, kwa ukaidi wake, akajibanza kwenye kibaraza cha duka la dawa mpaka ikakatika. Asingekwenda kuomba radhi akiwa amelowa kama wa kwenye runinga. Alifika mkavu, amechelewa, roho mkononi.

Alijua pa kumpata, kwenye lile jengo analolihudumia. Fundi akishatengeneza lifti, hasemi imepona mpaka aisikilize ikiwa imebeba watu. Hupanda nayo na kushuka nayo, amesimama kwenye kona na ovaroli lake, sikio ukutani. Mlango ulipofunguka, ndivyo alivyomkuta.

Fundi akamtazama.

"Ghorofa ya ngapi?" akauliza, kama anavyomuuliza mgeni.

"Popote."

"Popote haina kitufe."

Zipu akaingia. Wakaingia pia wahasibu wawili na mafaili yao, na mama msafishaji na ndoo yake na ufagio. Mlango ukajifunga.

"Isimamishe kidogo," Zipu akanong'ona. "Tuongee."

"Lifti zangu hazikwami, Zipu. Watu wana kazi zao."

Lakini alikuwa amesema "Zipu," na kwa neno hilo moja mwenye jina akapata nguvu.

"Basi nitasema wakisikia. Ulisema kweli, mimi nikakupa nne."

"Ilikuwa nne kweli?" Fundi akauliza, na maumivu yalikuwa wazi kwenye sauti yake. "Wiki nzima nilijifunza yale maneno."

Mhasibu mmoja akatazama viatu vyake. Mwingine hakutaka kupitwa, akasogea.

"Nilicheka kwa sababu niliogopa," Zipu akasema. "Nikicheka kwanza, siumii. Ndivyo nilivyojizoesha. Lakini wiki hii sikucheka hata mara moja, na nimeumia vilevile. Nakupenda, Fundi. Siigizi, sina maua, sina mvua, nilijikinga. Zichukue Jumanne zangu. Na mimi nazitaka zako, nataka unioe."

Machozi yakamtoka, makubwa, bila fidla yoyote.

Lifti ikafika ghorofa ya nne, mlango ukafunguka. Ilikuwa ghorofa ya mama msafishaji. Akatoka hatua moja, akageuka, akaisimika ndoo yake katikati ya mlango.

"Mama, ondoa ndoo," Fundi akasema.

"Siondoi. Jibu kwanza, mwanangu."

Mlango ukaja, ukagonga ndoo, ukarudi. Ukaja tena. Kengele ikaanza kulia, ile inayolia mlango ukizuiwa, na watu wa ghorofa nzima wakachungulia kutoka maofisini.

"Mama, utaniharibia mlango!"

"Mwenzio kaharibikiwa moyo, wewe unalilia mlango? Jibu!"

"Ndiyo!" Fundi akapiga kelele. "Nakubali! Namuoa! Ndoo, mama, ndoo!"

Vigelegele vikapigwa na mtu mmoja tu, lakini vilitosha kwa jengo zima. Mama akatoa ndoo yake. Wahasibu wakapiga makofi na mafaili. Zipu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, uso umefukiwa kwenye ovaroli lenye harufu ya grisi.

"Lifti imekwama," akamwambia.

"Haikukwama. Imezuiwa. Ni mambo mawili tofauti," Fundi akasema, huku akimkumbatia. "Na umelia. Bisi juu yako."

Waliwatuma wazee, mambo yakaenda vizuri. Gauni la harusi Zipu alilishona mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu wa msimamo, hakuweka zipu. Aliweka vifungo vidogo vidogo kutoka shingoni mpaka kiunoni. Dada yake alivifunga mpaka kucha zikamuuma, bwana harusi akasubiri mpaka akajikalia chini, na bibi harusi alisikika mle chumbani akisema, "Yule malkia nimemsamehe."

Halafu ikafika Jumanne.

Wali ulishika chini. Zipu alikuwa na mafua, amejifunika khanga kichwani, na pini mdomoni kwa sababu kuna gauni la mteja la kesho. Fundi alikuwa jikoni anakwangua sufuria, mkono mmoja wa shati umekunjwa, mwingine umelowa mpaka kwenye kiwiko. Runinga ilikuwa inaonyesha watu wawili wakihema kwenye bustani, na hakuna aliyewatazama.

"Umekula?" akauliza kutoka jikoni.

"Nimekula wa juu, ambao haukuungua."

Akaja na kikombe cha chai ya tangawizi, akakiweka karibu na cherehani, akafuta mikono kwenye suruali. Akatazama chumba chao, nguo zimetapakaa, taa moja haiwaki.

"Haya, mkosoaji," akasema. "Hii nayo maksi ngapi?"

Zipu akatoa pini mdomoni, moja moja. Akapiga chafya. Akamtazama mumewe.

"Siwezi kusema, mpenzi. Bado haijaisha."