Nusu Dakika Chini ya Mwavuli

Walikutana njia panda, saa sita mchana, jua likichoma utosi. Muuguzi mmoja mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi alisimama mbele ya kamera isiyo yake, akawa akiinama huku na huku kuishangaa.

"Kaka, umeniharibia picha," alisema mpiga picha, msichana wa kofia pana na jinzi iliyopauka.

"Samahani, dada. Lakini jua lote hili, lenzi umeivisha miwani ya nini?"

"Nataka watu wapite kama moshi. Shata, kile kilango cha mwanga, lazima likae wazi nusu dakika, na kwa jua hili picha ingetoka nyeupe kama unga. Ndiyo maana nimeweka vioo viwili vyeusi, tundu la lenzi nimelibana mpaka ishirini na mbili, na ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, nimeishusha hadi mia." Akamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera.

"Mbona mimi nimekuwa mzimu?"

"Hukutulia. Anayetulia nusu dakika ndiye anayeonekana."

"Basi nitatulia hata mwaka."

Akatulia kweli. Mwaka haujaisha alikwishamvisha pete, na sasa harusi ilibaki wiki tatu.

Siku hiyo mpiga picha alipiga njia panda ileile saa sita mchana kutoka ghorofani, kwa kazi ya kalenda, kisha akazifungua picha nyumbani kwenye kompyuta. Moja ikamkata maini. Umati wote ulikuwa ukungu, ila katikati mchumba wake alionekana waziwazi na sare yake, ameshika mkono wa mwanamke wa gauni la kijani. Mwavuli ulimficha mwanamke yule uso wote.

Mwingine angesema wanasalimiana. Yeye alijua salamu haichukui nusu dakika, na kujua huko ndiko kulikomtesa. Alimpigia mchumba wake simu.

"Saa sita ulikuwa wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Wodi yako imehamia njia panda?"

"Nakuja," muuguzi akasema.

"Njoo uchukue pete yako."

Alifika mbio, bado na viatu vya wodini. Pete ilikuwa mezani kando ya kompyuta. Aliitazama picha, akakaa chini.

"Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo. Sekunde thelathini, halafu unazidisha mara mbili. Alitoka kliniki, akashikwa na kizunguzungu njiani, akanipigia."

"Nani?"

"Aliniapisha nisikwambie. Tazama viatu."

Mpiga picha akaikuza picha. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kiraka, na kiraka kile alikibandika yeye mwenyewe Jumapili iliyopita. Alikuwa mama yake.

"Ana nini?"

"Moyo. Alitakiwa alazwe tangu juzi. Hataki, anasema utaahirisha harusi."

Alilia, aibu na hofu pamoja. Kisha akapiga simu nyingine.

"Mama, nimekukamata umeshikana mikono na mchumba wangu mchana kweupe."

"Nani kakwambia?"

"Kamera. Ulitulia mno, mama."

"Mwanangu, harusi yako..."

"Harusi haina miguu, haitakimbia. Fungasha nguo, tunakuja kukuchukua sasa hivi."

Akakata simu, akamnyooshea muuguzi mkono. "Nisamehe. Nirudishie pete yangu."

Muuguzi akamvisha, lakini mkono hakuuachia. Vidole vyake viliteremka kwenye kifundo cha mkono, macho yakaenda kwenye saa. Nusu dakika nzima hakuna aliyesema neno.

"Mia moja na kumi na nane," akasema. "Nitawalaza wote wawili."