Mrija wa Mzee Gicheru

Harufu ndiyo iliyomlaki Inspekta Risper Adhis mlangoni: mkojo uliochacha, usaha, na dawa ya sakafu iliyomwagwa juu yake kwa haraka.

Mzee Gicheru, mwashi mstaafu, alilala chali ndani ya kijumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mwanawe, mtaani Ruring'u. Tumbo lilikuwa limetuna chini ya kitovu. Mrija wa katheta ulitoka mwilini mwake hadi kwenye mfuko wa mkojo, na mfuko ulikuwa mkavu.

Mwanawe, Kingori, alisimama nje, leso puani. Alisema baba yake alikuwa ameugua tezi dume kwa muda mrefu na sasa Mungu amempumzisha. Aliomba ruhusa wamzike mapema.

Adhis aliinama. Mahali pamoja mrija ulikuwa umebonyea, kama uliokunjwa na kukazwa. Nyuzi za kamba ya gunia zilikuwa zimenata pale.

Daktari Abdulkadir alipoupasua mwili alithibitisha shaka ya Adhis. Mrija haukuwa umebadilishwa kwa miezi mingi. Ncha yake ilikuwa imeota magamba ya chokaa. Kisha mtu akaufunga. Mkojo wenye usaha ulirudi kwenye figo, na sumu ikaingia damuni.

"Aliumia?" Adhis aliuliza.

"Sana. Yeyote aliyekuwa karibu angemsikia."

Wachuka, muuguzi aliyekuwa akimbadilishia mzee mrija, alieleza kwamba Kingori alimwambia baba amehamia Mweiga kwa dada yake. Adhis alimpigia dada huyo simu. Hakuwa amemwona kaka yake tangu Krismasi. Jirani naye alikumbuka kwamba siku wakwe walipoleta mahari ya Anita, binti ya Kingori, alisikia mabati yakigongwa. Alipouliza, Kingori alimjibu kwamba ni mbuzi.

Kituoni, Adhis alianzia hapo.

"Mbuzi gani huyo?"

Kingori aliikunja leso yake.

"Nani alifunga mrija?"

"Ulikuwa unavuja."

"Sijakuuliza hivyo."

"Ni mimi, madam."

Akaeleza, macho mezani. Jumapili moja mfuko ulivuja sebuleni, na watu wa kanisa wakaondoka bila kunywa chai. Baada ya hapo alimhamishia baba yake kwenye kijumba cha mabati, akaacha kumpeleka kliniki. Hakutaka kunuka naye garini. Lakini wakwe walitaka baraka za babu. Basi aliukunja mrija, akaukaza kwa kamba, akamvisha mzee suti na kumkalisha mbele ya wageni. Mzee alipoanza kutetemeka na kutoka jasho, alimrudisha na kumfungia. Asubuhi alimkuta amekufa. Alikata kamba, lakini hakikutoka kitu. Usaha ulikuwa umeziba ncha. Akapiga deki.

"Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia mtu wa muziki aongeze sauti."

Adhis aliliandika jibu hilo.

"Kwa nini hukumfungulia tu kamba?"

"Angejikojolea. Wageni walikuwa bado wanakula."

Adhis alimweleza kwamba atashtakiwa kwa mauaji. Kingori aliuliza jambo moja tu: kama Anita angeambiwa.

Hakukuwa na haja. Anita alikuwa ameletwa kuandikisha taarifa, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Walimkuta koridoni, ameegemea ukuta, akitapika.