Nionyeshe Boma Kwanza

Nyumbani kwa Nyangwine, siku huanza kwa kelele. Mke wake, Agustina, humgombeza mbuzi aliyeingia jikoni. Rhobi, mtoto wao wa kwanza, na wadogo zake hugombania ndoo ya kuogea. Nyangwine mwenyewe huwa zizini, anaongea na maksai wake, wale ng'ombe wawili wa kulimia. Huwasugua shingo. Huwauliza kama wamelala vizuri. Agustina husema mume wake hajawahi kumuuliza yeye swali hilo.

Lakini usimcheke Nyangwine. Kijiji chao kiko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Nyamongo, na shamba lao ni kubwa. Bila maksai wale, shamba hilo lisingelimika. Wangelima kwa jembe la mkono, na mvua ingewaacha njiani. Mwaka huo wangekula kwa kuomba.

Agustina anauza mitumba katika soko la Nyamongo. Mwaka jana alitaka kupanua biashara. Akaenda kwenye ofisi ya mikopo mjini Tarime, akakopa, akanunua robota kubwa la nguo. Siku ya kulifungua alikuwa na furaha. Kumbe! Ndani mlijaa makoti mazito ya kufika magotini. Nani avae koti la namna hiyo Nyamongo, jua lile? Wachimbaji wa dhahabu walipita wakicheka. Mmoja alinunua koti moja la kulalia.

Rejesho la mkopo halijali makoti. Kila wiki pesa ilitakiwa. Agustina alilipa, akalipa, mwisho akachoka. Simu ikilia, anaruka. Akiona ni Winfrida, afisa mikopo, anaiweka chini ya mto. Usiku analia polepole ili watoto wasisikie. Alikuwa anaona aibu, na aibu ya deni ni mbaya kwa sababu inakufunga mdomo.

Siku moja jirani yao Daudi alikuja na mgeni. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, jina lake Cleophas.

"Shikamoo tata," Cleophas alisema kwa heshima. Tata ni baba kwa Kikurya, na Nyangwine alipenda kuitwa hivyo.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Karibu ukae."

"Tata, mimi ninatoka kampuni ya Tua Mzigo. Kazi yetu ni kuwatoa watu kwenye mikopo ya kausha damu. Tunafuta deni lote."

"Lote?" Agustina aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga.

"Lote, mama. Ila kuna masharti. Kwanza, msilipe tena rejesho hata shilingi moja. Pili, wakipiga simu msipokee. Tutaongea nao sisi."

"Mimi nimeshajiandikisha," Daudi alisema. "Deni langu la pembejeo linafutwa. Nyie mnasubiri nini?"

Nyangwine akatoa pesa ya fomu. Ilikuwa pesa ya kuuza mbuzi wawili. Kisha Cleophas akashusha sauti.

"Tata, kuna na dhamana. Wale maksai watakaa kwenye boma letu, upande wa Manchira. Deni likiisha, wanarudi. Si kuuza. Ni kuwekesha tu. Wewe ni mzee wa Kikurya, hili sina haja ya kukufundisha."

Hapo ndipo alipomshika. Kuwekesha ng'ombe ni mila ya zamani. Mtu hawaweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali. Ugonjwa ukija, au wezi wakija, hawaishi wote. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa. Hakuna anayeandika karatasi, kwa sababu neno la rafiki linatosha. Baba yake Nyangwine aliwekesha ng'ombe huko Serengeti, na wote walirudi na ndama juu.

"Na mkataba?" Agustina aliuliza.

Cleophas akacheka kidogo. "Mama, mkataba utakuja baadaye. Kumwandikisha mzee kama huyu ni kumtukana."

Nyangwine alikubali. Gari la kuwachukua maksai lingekuja Jumamosi.

Siku zile rejesho halikulipwa. Simu ya Winfrida ililia mpaka ikanyamaza. Nyangwine alilala usingizi mzuri. Agustina hakulala. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, majirani wanatengeneza plau zao, na maksai wanaondoka? Moyo wake ulikataa, ila hakuwa na maneno ya kumwambia mumewe. Deni lilikuwa lake, makoti yalikuwa yake. Angeanzia wapi?

Alhamisi jioni, Elieth alipita kununua mayai. Elieth ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwenyeji wa Bukoba. Amepanga nyumba ya jirani. Ni mtu wa kucheka na wa kuuliza maswali mengi.

"Mama Rhobi, mbona macho mekundu? Ni moshi au ni mtu?"

Agustina alitaka kusema ni moshi. Akashindwa. Akasimulia yote: robota, makoti, rejesho, Cleophas, maksai. Elieth aliacha kucheka. Akaketi kwenye kigoda.

"Pole sana, mama. Kushindwa kulipa si dhambi. Biashara ina kupata na kukosa. Baba Rhobi yuko wapi?"

Nyangwine alikuja akipangusa mikono. Aliposikia habari inayozungumzwa, akakunja uso.

"Madamu, mambo ya ofisi ni yako. Mambo ya ng'ombe tuachie sisi."

"Sawa, baba. Nisaidie tu nielewe. Huyu kijana amewafanyia kazi gani mpaka sasa?"

"Bado. Ataanza akishawachukua maksai."

"Pesa ya fomu ameshachukua?"

"Ameshachukua."

"Basi amelipwa kabla ya kushika jembe. Baba, wapo washauri wazuri wa madeni, mimi sikatai. Mshauri mzuri anakaa na wewe kwanza. Anauliza unapata nini, unatumia nini, unadaiwa na nani. Anakwambia ukweli hata kama unauma. Huyu alikuuliza mapato yako?"

"Aliuliza nina ng'ombe wangapi."

Agustina akageuka pembeni kuficha tabasamu. Nyangwine aliona, akakohoa.

"Ana cheti," alisema. "Alinionyesha kwenye simu."

"Huenda ni cheti cha kusajili jina la biashara. Hata mimi nikitaka kuuza mayai nasajili jina, napewa cheti. Hicho hakisemi kwamba mtu ni mwaminifu. Ofisi ya mikopo mliyokopa ina leseni ya Benki Kuu, imebandikwa ukutani. Mtu akija na kampuni, uliza ofisi iko wapi, nani anaisimamia. Kisha njoo halmashauri utuulize kama tunaifahamu. Kuuliza hakulipiwi."

"Amesema tusipokee simu za Winfrida," Agustina alisema.

"Hapo ndipo ninapoogopa zaidi! Msipolipa na msipoongea, faini inakua. Mwenye kudai anafikiri mmekimbia. Na deni halifutwi na mtu wa tatu asiyelidai. Anayeweza kulipunguza au kuongeza muda ni yule mliyekopa kwake. Mnaweza kumwomba wenyewe, bure."

Nyangwine aliyasikia yote hayo. Lakini mila ilikuwa bado inamshikilia.

"Madamu, wewe hujui. Kuwekesha ni neno zito. Baba yangu aliwekesha, na hakuna aliyemdhulumu."

"Nakuamini," Elieth alisema. "Nieleze basi. Yule rafiki wa baba yako, baba alilijua boma lake?"

"Swali gani hilo? Alilala pale mara nyingi. Alimjua mke wake, alijua watoto wake."

"Na ng'ombe wakishakwenda, ilikuwaje? Alikaa tu akisubiri?"

"Hapana! Ng'ombe aliyewekeshwa anatembelewa. Unakwenda siku yoyote, bila kutuma habari kwanza. Unawaona, unawahesabu ndama, mnakula, mnacheka. Ndivyo unavyojua..."

Nyangwine aligeuka akalitazama zizi. Mkono wake ulibaki hewani.

Agustina alimsogelea mumewe.

"Sijaliona boma lake," Nyangwine alisema polepole. "Sijui hata anakolala."

Ukweli huo ulimuuma. Alisimama, akaenda zizini, akakaa huko mpaka giza likaingia. Aliporudi, alimpigia Cleophas simu mbele ya mkewe.

"Mura, kesho nakuja Manchira nione boma."

"Kesho haiwezekani, tata. Kuna ugonjwa wa mifugo, wageni hawaruhusiwi."

"Kuna ugonjwa, na unataka kupeleka maksai wangu huko?"

Simu ilikatika. Cleophas alisema baadaye kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Jumamosi gari lilikuja. Cleophas aliruka chini, na Daudi alikuwa naye. Maksai wa Daudi walikuwa tayari juu ya gari, wamefungwa kamba. Nyangwine alisimama kwenye mlango wa zizi. Alikuwa amemwita mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, kama Elieth alivyomshauri.

"Tata, tuharakishe," Cleophas alisema. "Nafasi zinaisha leo."

"Nionyeshe boma kwanza."

"Huniamini? Mimi, kijana wako?"

"Twende wote. Mimi napanda gari, maksai wanabaki. Nikishaliona, tutaongea."

"Unanitukana, mzee!" Cleophas alipaza sauti. "Uliahidi! Neno la Mkurya limekuwa hivi siku hizi?"

Maneno hayo yalimchoma Nyangwine. Alitaka kurudi nyuma, kweli alitaka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini hakuondoka mlangoni.

"Baba yangu alipomtembelea rafiki yake, rafiki alichinja kuku," alisema. "Wewe nikikuomba nione boma unakasirika. Basi hatujawekeshana. Nenda."

Daudi alitikisa kichwa. "Nyangwine, unaongozwa na wanawake siku hizi. Utakufa na deni lako."

"Daudi, washushe maksai wako," Nyangwine alisema. "Nakuomba, ndugu yangu. Washushe tukaulize kwanza."

Daudi hakusikia. Gari liliondoka na maksai wake.

Jumatatu, Nyangwine na Agustina walikwenda Tarime. Agustina alitembea nyuma ya mumewe mpaka mlangoni. Alitarajia matusi. Winfrida aliinua macho na kusema, "Mama Agustina! Nilidhani umeugua. Kwa nini hukunipigia?"

"Niliona aibu."

"Aibu hailipi rejesho, mama. Kaa chini tuone."

Walisema ukweli wote, hata habari ya makoti. Winfrida alicheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Faini ya marejesho yaliyorukwa ilibaki palepale. Lakini ofisi ilikubali kupunguza rejesho na kuongeza muda.

"Muda ukiongezeka, na riba inaongezeka," Winfrida aliwaeleza. "Someni kabla ya kusaini. Msichoelewa, ulizeni."

Walitoka nje, wakakaa kwenye ukuta. Agustina alisoma kwa sauti, neno kwa neno. Nyangwine aliuliza maswali matatu ambayo Agustina hakuweza kujibu, wakarudi ndani kuyauliza. Ndipo wakasaini, na wakachukua nakala yao.

Walikwenda pia polisi na ofisi ya kijiji kutoa taarifa ya Tua Mzigo. Pesa ya fomu haikurudi. Nyangwine aliisikitikia sana, hasa akikumbuka mbuzi wake. Makoti yale Agustina aliyakata na kuyafanya matandiko ya siti za bodaboda. Wateja wake wengine walikuwa walewale waliomcheka.

Mvua ilinyesha. Udongo ukalainika. Kila nyumba ilitoka na plau, na kila mahali ulisikia watu wakiwaita ng'ombe. Nyangwine na watoto walilima tangu alfajiri. Shamba la Daudi, la pembeni, lilikuwa limejaa majani. Hakuna aliyelima hapo.

Daudi alikuwa amekwenda Manchira. Alizunguka huko akiuliza boma la Tua Mzigo. Watu walimwangalia kwa huruma. Hakuna boma. Simu ya Cleophas haikupatikana. Polisi walikuwa wamefungua jalada, na wengine kutoka vijiji vya mbali walikuwa wamekuja na malalamiko hayohayo.

Jioni moja Daudi alikuja kwa Nyangwine. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja," alisema, kisha akashindwa kuendelea.

Agustina alimtazama. Alikumbuka maneno yake siku ile ya gari. Alikumbuka pia jinsi aibu inavyofunga mdomo.

"Ingia ule, Daudi," alisema. "Ugali uko tayari."

"Sikuja kula, shemeji. Mvua inapita. Watoto wangu..."

Nyangwine hakumwacha amalize. Hakumwuliza nani sasa anaongozwa na wanawake, ingawa swali hilo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alimshika bega.

"Kesho asubuhi njoo na watoto wako," alisema. "Tutaanza na shamba lako. Langu linaweza kusubiri siku mbili. Tukimaliza, tutakwenda wote kwa yule unayedaiwa pembejeo. Utaongea naye mwenyewe, na mimi nitakaa pembeni yako."

Daudi aliinama, akajifuta uso kwa kofia.

Asubuhi, maksai waliingia kwenye shamba la Daudi. Nyangwine alishika plau. Daudi alitangulia mbele, akiwaongoza maksai wasio wake, na majani yakaanza kugeuka udongo.